Akiba ya Njiani ni Mali ya Nani?

Wahenga wametuachia methali nyingi zihusuzo akiba, nasi walimu wa Kiswahili tumezifundisha mara nyingi hata huenda tumesahau kuziuliza maswali. Tunamwandikia mwanafunzi ubaoni kwamba akiba haiozi. Tunamtaka atoe maana yake. Naye akijibu kwamba ni vyema kuweka kitu kwa ajili ya siku ya haja, tunampa alama zake na kuendelea na methali ya pili. Ni nadra kumwuliza: siku ya haja ya nani? Je, akiba niliyoiweka ni kwa haja yangu peke yangu, au mwenzangu naye ana haki ndani yake? Na kama ana haki, haki hiyo inakomea wapi? Katika makala haya nakusudia kulijadili swali hilo kwa kutumia kitu kidogo mno, ambacho wengi wetu hatujapata kukitazama kwa makini: ile vali ya tairi la gari, au valvu kama wasemavyo mafundi wengi, ipitishayo upepo kuingia tairini na kuuzuia usitoke.

Lililonifanya niliwaze jambo hili ni safari niliyoifanya wakati wa mvua kutoka Juba, mji mkuu wa Sudani Kusini, kwenda Rejaf na kupita mbele yake. Rejaf ni mahali penye jina kubwa kuliko ukubwa wake. Iko kusini mwa Juba, ukingo wa magharibi wa Mto Nile, katika nchi ya Wabari, karibu na kilima kilichochongoka ambacho msafiri hukiona kutoka mbali. Jina lake huhusishwa na neno la Kiarabu lenye maana ya kutetemeka, wala si bure, kwani nchi hiyo huifahamu mitetemeko ya ardhi. Tarehe 20 Mei 1990 tetemeko lenye ukubwa uliozidi 7 lilitokea si mbali na Juba. Kabla mji wa Juba haujajengwa katika miaka ya 1920, meli zilizopanda Nile kutoka Khartoum zilikomea upande huo, kwa sababu mbele yake mto una maporomoko. Mwenye kutaka kuendelea kusini, au kuingia Kongo, ilimlazimu ashuke ashike njia ya nchi kavu. Kwa hiyo tangu zamani Rejaf ni mahali ambapo msafiri hulazimika kujiuliza: nimechukua nini, na nimesahau nini?

Tulikuwa watu wanne katika gari lililo wazi nyuma: dereva, walimu wenzangu wawili, na mimi. Dereva wetu alikuwa mtu mzima aliyekulia katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, kaskazini mwa Kenya, na Kiswahili chake kilikuwa cha huko, chepesi na chenye mzaha. Asubuhi, kabla ya kuwasha gari, aliyazunguka matairi moja moja, akavua kifuniko cha kila vali, akatia tone la mate kwenye tundu na kuinama kulitazama kama litatoa povu. Kisha akatoa chini ya kiti chake kikopo cha bati kilichowahi kuwa cha peremende, akakifungua, akahesabu vilivyomo, akakifunga tena. Nilimwuliza kwa kucheka kama alikuwa ameficha dhahabu. Akanionyesha. Mlikuwa na vipande vitatu vya ndani vya vali, kila kimoja kifupi kuliko kiungo cha kidole, vifuniko vichache, mashina mawili ya mpira, na ufunguo mdogo wenye mdomo uliopasuliwa. "Mwalimu," aliniambia, "tairi la spea unaliona, ndiyo maana unaliamini. Mimi nakiamini hiki."

Nilicheka tena. Nakiri kwamba kicheko changu kilikuwa cha ujinga, na yafaa nieleze ni kwa nini.

Vali ya tairi la gari ina sehemu kuu mbili. Ya kwanza ni shina, yaani ule mrija wa mpira au wa chuma uchomozao katika ringi. Ya pili ni kipande kidogo cha ndani, chenye sindano nyembamba, springi, na mpira wa kuzibia, ambacho hukazwa ndani ya shina kwa ule ufunguo. Pampu inaposukuma upepo, kipande hiki hufunguka. Pampu ikiondolewa, springi hukirudisha mahali pake, na upepo wenyewe uliomo tairini hukikandamiza kizidi kuziba. Ni ufundi wa kustaajabisha: kile kitakacho kutoka ndicho kinachoufunga mlango. Wala si ufundi mpya. Hataza ya vali ya namna hii ilitolewa Marekani mwaka 1893 kwa Schrader wa New York, na hata leo ndiyo itumikayo katika magari na pikipiki karibu zote ulimwenguni.

Kwenye barabara ya lami mtu anaweza kuendesha miaka mingi pasipo kuikumbuka vali. Nje ya lami ni habari nyingine. Tawi la mti hung'oa kifuniko. Tope na mchanga huingia tunduni. Chembe moja ikikaa kwenye mpira wa kuzibia, upepo huanza kutoka kidogo kidogo. Jiwe hulikata shina. Jua nalo huupasua mpira wake. Dereva aliyepunguza upepo ili apate kuvuka mchanga, kama ilivyo desturi ya madereva wa huko, akisahau kuuongeza tena, tairi lenye tyubu huweza kuzunguka juu ya ringi na kuing'oa vali toka mzizini. Hapo tairi lenyewe ni zima, halina tundu wala mchano, lakini halifai kitu. Tairi la spea ni moja, na vali zilizo njiani ni nne. Gari zito, ambalo mwalimu angeliweza kulinunua kwa mishahara ya miaka mingi tu, husimama kwa kukosa kitu ambacho bei yake hailingani hata na ya mlo mmoja.

Nasi hatukuchelewa kuyaona hayo. Mbele ya Rejaf, mahali ambapo njia ilikuwa nyayo mbili za magurudumu katikati ya majani marefu, tulikuta gari dogo limesimama. Ndani yake mlikuwa na mwanamke mjamzito aliyeshikwa na uchungu, na mama yake akimpepea kwa kanga. Wanaume wawili walikuwa wakipokezana pampu ya mkono. Tairi lao la spea walikwisha kulitumia baada ya jiwe kulichana jingine. Sasa tairi la nyuma lilikuwa likivuja katika vali, nao walikuwa wakijaza upepo, wakienda kitambo, wakisimama, wakijaza tena. Walikuwa wakielekea Juba hospitali. Dereva wao alianza kutueleza kwa nini hakuwa na kitu cha akiba. Dereva wetu alimkatiza kwa upole: "Upepo kwanza, ndugu yangu. Maneno baadaye." Wakaliinua gari kwa jeki, akafungua kipande kibovu, akatia kipya, na sote tukapokezana pampu mpaka tairi likawa gumu. Shughuli yote haikufika nusu saa. Wakaondoka. Sikupata kujua mtoto yule alizaliwa wapi, wala saa ngapi.

Sasa natuanze kuyapima mambo haya. Swali la kwanza ni hili: je, yule dereva wa gari dogo alikuwa na hatia?

Tuwafikirie madereva wawili wapitao njia moja siku moja, wote wawili bila akiba yoyote. Mmoja vali yake inaharibika, na mgonjwa aliyemchukua anateseka. Wa pili anafika salama, anakunywa chai yake na kulala. Watu watamlaumu wa kwanza na kumwita mzembe. Wa pili hawatamsema, na huenda wakamsifu kwa kuwa dereva hodari. Lakini tofauti ya wawili hawa imo wapi? Haimo katika nia zao, wala katika maandalizi yao, kwani walikuwa sawa. Imo katika tawi la mti lililogusa gari moja na kuliacha la pili. Kama lawama na sifa ni za mtu, na si za matawi ya miti, basi wote wawili wastahili lawama moja. Aliyefika salama bila kujiandaa hakufanya jema. Alisamehewa deni tu, naye hajui kwamba alikuwa akidaiwa.

Nalitumia neno deni kwa makusudi. Mtu atokaye bila akiba kwenda mahali pasipo na fundi wala duka hujikopesha mwenyewe kutoka kwa watu wasiomjua. Moyoni mwake husema, "Likinipata jambo, hatakosekana mtu." Mtu huyo asiyekosekana ni nani? Ni yule aliyebeba kikopo. Kwa hiyo asiyebeba ameshachukua sehemu ya mali ya aliyebeba, tena kabla ya kumwomba na kabla ya kumwona. Ndiyo maana nadhani kujiandaa si jambo la kujipenda, kama wengi wadhanivyo, bali ni namna moja ya kuwaheshimu wenzetu: ni kuazimia kutowatwika mzigo tuwezao kuubeba wenyewe.

Hata hivyo lazima tuwe waadilifu. Lawama haina budi kupimwa kwa uwezo. Yuko asiyejua kwamba vali ina kipande cha ndani kinachobadilishwa, kama mimi nilivyokuwa siku ile asubuhi. Yuko anayejua lakini gari si lake, na mwenye gari hampi hata fedha za sabuni. Yuko aliyekuwa na akiba akamsaidia mwingine jana. Kumtazama mtu aliyekwama na kumhesabia uzembe bila kuyajua hayo ni uzembe mwingine, tena wa fikira. Maneno ya dereva wetu, kwamba upepo uwe kwanza na maneno baadaye, yana hekima kubwa: haja ya mtu huonekana papo hapo, lakini hatia yake huhitaji uchunguzi. Anayeweka uchunguzi mbele ya msaada humwadhibu mtu kabla ya kumhukumu. Na katika kisa chetu angemwadhibu mwanamke aliyekuwa na uchungu, ambaye hata usukani hakuugusa.

Huenda msomaji mmoja akasema kwamba mambo ya safari yamo mikononi mwa Mungu, na kwamba kuhesabu vipande vya vali kila asubuhi ni kukosa imani. Hoja hii si ya kudharauliwa, kwani imewaliwaza wasafiri wengi. Lakini wenye dini wenyewe wamekwisha kuijibu. Waislamu wana simulizi mashuhuri ya mtu aliyeuliza kama amwache ngamia wake bila kamba na kumtegemea Mungu, naye akaambiwa amfunge kwanza, kisha ategemee. Maana yake ni wazi: tawakali huanza pale mkono wa mtu unapokoma. Kabla ya hapo jina lake ni uvivu. Mate ya dereva wetu kwenye tundu la vali hayakumpunguzia Mungu kazi; yalimwondolea dereva udhuru.

Lakini upo upande wa pili, nao ni hatari vilevile. Ikiwa akiba ni njema, je, akiba kubwa ni njema zaidi? Historia ya jimbo hilohilo inatufundisha vingine. Katika miaka ya 1880 Rejaf ilikuwa mojawapo ya vituo vya Emin Pasha, gavana wa Ekwatoria. Baada ya habari kuenea kwamba Emin alizingirwa na vita vya Mahdi, Stanley aliondoka Unguja mwezi Februari 1887 na mamia ya Wazanzibari ili kwenda kumwokoa, akizunguka kwa njia ya Mto Kongo. Shehena ilikuwa nyingi kuliko mabega ya kuibebea. Ilipofika Juni mwaka ule aligawa msafara wake, akatangulia na sehemu moja, na akaiacha sehemu ya pili Yambuya pamoja na akiba ya vitu, ingoje wapagazi wengine ambao Tippu Tip alikuwa ameahidi kuwaleta. Waliobaki walingoja mwaka mzima. Stanley aliporejea kuwatafuta mwezi Agosti 1888, wengi wao walikuwa wamekwisha kufa kwa njaa na maradhi. Walikufa wakiilinda akiba.

Basi ipo akiba inayowaokoa watu, na ipo akiba inayoyala maisha ya watu ili yenyewe isalimike. Kipimo cha kuzitenganisha, kwa maoni yangu, ni kuuliza nani anambeba mwenzake: mtu anaibeba akiba, au akiba inambeba mtu na kumpeleka isikompasa? Kikopo cha dereva wetu kilikaa chini ya kiti. Hakikumnyima mtu nafasi, wala hakikumgeuza dereva kuwa mlinzi wake. Hiyo ndiyo akiba iliyo na kiasi.

Sasa nije kwenye swali gumu kuliko yote, nalo lilitufikia alasiri ya siku ileile. Tulipokuwa tukirudi, tawi liliing'oa vali yetu kifuniko na kuikunja sindano yake, ikatubidi tutumie kipande cha pili. Kilibaki kimoja. Mwendo mfupi baadaye tukamkuta kijana wa bodaboda amekaa kando ya pikipiki yake, tairi la mbele limelala. Shida yake ilikuwa ileile, na kipande cha vali ya pikipiki ni kilekile cha vali ya gari. Jua lilikuwa likishuka. Katika nchi ile, kulala njiani si jambo la mchezo. Vita vya miaka mingi viliacha mabomu ya ardhini sehemu nyingi, na msafiri mwenye busara hatoki nje ya njia iliyokanyagwa hata kwa hatua chache.

Mimi nilisema mara moja, "Mpe." Mwenzangu mmoja akasema, "Asipewe. Tukipata shida tena tutalala hapa, nasi tu watu wanne naye ni mmoja." Dereva alinyamaza kidogo. Kisha akashuka, akamwita yule kijana, wakaipakia pikipiki nyuma ya gari na kuifunga kwa kamba, kijana akapanda, tukaondoka naye mpaka Juba. Kipande cha mwisho kilibaki ndani ya kikopo.

Nimelifikiri tendo lile mara nyingi. Mimi nilidhani nilikuwa mkarimu, lakini nilikuwa nikitoa mali isiyo yangu, kwa gharama nisiyoielewa, na usalama wa watu wengine ukiwa ndiyo malipo. Ukarimu wa namna hiyo ni rahisi sana, na sisi walimu, ambao kazi yetu ni maneno, tumo katika hatari ya kuupenda. Mwenzangu naye alihesabu vizuri, nne kwa moja, lakini hesabu yake ilimgeuza kijana kuwa tarakimu ya kutolewa. Sote wawili tulikubaliana katika kosa moja: tulidhani kwamba kulikuwa na njia mbili tu, kutoa au kunyima. Dereva aliona kwamba kijana hakuhitaji kipande cha vali. Alihitaji kufika.

Katika Injili ya Mathayo imo habari ya wanawali kumi waliomngoja bwana arusi usiku. Watano wenye busara walichukua mafuta ya akiba. Watano wapumbavu hawakuchukua. Taa za wapumbavu zilipoanza kuzimika, waliomba mafuta wakanyimwa, kwa hoja kwamba yasingewatosha wote. Najua kwamba wafafanuzi huisoma habari hiyo kwa maana ya kiroho, wala sina nia ya kushindana nao. Lakini kama swali la maadili ya kila siku, daima imenitia mashaka, kwa kuwa hoja ya wenye busara ni ya kweli na bado moyo haukubali. Njia ya Rejaf ilinifundisha jambo ambalo sikuwa nimelifikiri: mafuta hayagawanyiki bila kupungua, lakini nuru hugawanyika. Taa tano zinatosha kuwaangazia watu kumi wakitembea pamoja. Kuna vitu ambavyo ukivigawa huangamiza watu wote. Lakini manufaa ya vitu hivyo aghalabu huweza kushirikiwa, mradi mwenye navyo akubali kutembea kwa mwendo wa asiye navyo.

Na tukumbuke pia yule Msamaria wa Injili ya Luka, aliyemkuta mtu ameumizwa na wanyang'anyi katika njia ya kwenda Yeriko. Tunamsifu kwa huruma yake, na ni haki. Ila twasahau kwamba alikuwa na mafuta na divai ya kutia katika vidonda, na mnyama wa kumpandisha majeruhi, na fedha za kumlipa mwenye nyumba ya wageni. Angalikuwa ametoka mikono mitupu, huruma yake ingalikuwa machozi tu kando ya njia. Huruma isiyo na kikopo haina mikono.

Kwa hiyo jibu langu kwa swali la kichwa cha makala haya ni kwamba akiba ya njiani ni amana. Iko mkononi mwangu, nami ndiye mwenye kuamua itumikeje. Si mali ya yeyote anyoshaye mkono. Lakini si yangu kwa namna ile shati langu lilivyo langu. Nimewekewa nami nimewaweka wengine: wale nilio nao garini kwanza, kwa sababu wamenikabidhi maisha yao, kisha wale nitakaowakuta. Mwenye amana haruhusiwi kuila peke yake, na vilevile haruhusiwi kuitapanya ili asifiwe.

Limebaki jambo moja linalotuhusu sisi wapenda lugha hasa. Nimesema kwamba kipande cha vali ya pikipiki ni kilekile cha vali ya gari. Jambo hili ni dogo kulisema, lakini bila hilo kisa chote kingevunjika. Kama kila mtengenezaji angaliifanya vali kwa kipimo chake mwenyewe, kikopo cha dereva wetu kisingemfaa yeyote ila yeye, na moyo wake mwema usingemfikisha yule mwanamke hata hatua moja. Ukarimu unahitaji kipimo cha pamoja. Baiskeli zetu nyingi zina vali ya aina nyingine, yenye kampira kanakovikwa juu ya kijirija. Mwenye baiskeli hiyo angetukuta na kikopo kimejaa, na bado tungemwambia pole tu.

Ni ajabu ya historia kwamba Rejaf yenyewe ina sehemu katika habari ya vipimo vya pamoja. Mwezi Aprili 1928 ulifanyika hapo mkutano wa maofisa wa serikali ya kikoloni na wamishonari, pamoja na mtaalamu wa lugha Diedrich Westermann, ili kuchagua lugha za kufundishia katika shule za Sudani ya Kusini. Wakachagua lugha za makundi, miongoni mwake Kibari, Kidinka, Kinuer, Kishiluki, Kilatuko na Kizande. Mwaka huohuo wa 1928, mkutano wa Mombasa uliamua kwamba Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu. Tunaweza kuulaumu mkutano huu au ule, maana wenye lugha hawakuwa ndio waamuzi. Lakini matokeo ya Mombasa tunayatumia kila siku: mwalimu wa Tanga akibuni istilahi nzuri, mwalimu wa Bukavu aweza kuiazima na ikaingia. Nayo Sudani Kusini, iliyopata uhuru tarehe 9 Julai 2011, ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016. Na kule njiani, dereva wa Ekwatoria aliyejifunzia Kiswahili Kakuma aliweza kunieleza maadili yake kwa maneno niliyoyaelewa bila mkalimani.

Neno nalo ni akiba. Mwalimu anayemfundisha mwanafunzi neno ambalo hatalihitaji kesho wala kesho kutwa anamtilia kitu katika kikopo. Mwanafunzi atacheka, kama nilivyocheka mimi. Siku moja atakutana na mtu aliyekwama, naye atakuwa na cha kumpa katika lugha wanayoijua wote wawili.

Tulipofika Juba usiku ulikuwa umekwisha kuingia. Kijana wa bodaboda alishusha pikipiki yake, akamshukuru dereva, akauliza duka la vipuri lililo karibu linafunguliwa saa ngapi asubuhi. Dereva akamwelekeza. Kisha akamwambia, "Usinunue kimoja. Nunua viwili."